Sebuleni, kasino au kwenye simu: uanzie poka meza gani?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwa Wakenya wengi poka ni ule mchezo wa kushusha karata hadi mtu atangaze "niko kadi", halafu jirani yake ambwagie joka aokote tano na furaha yote imwishe. Poka ninayoandika hapa ni nyingine, Texas Hold'em: kila mtu anagawiwa karata mbili za siri, tano zinafunuliwa katikati ya meza kwa awamu, na kila awamu watu wanaweka pesa, wanapandisha au wanatupa karata zao. Nalitaja mapema kwa sababu binamu yangu alikuja siku moja kwenye meza yetu ya Ijumaa kifua mbele, akagawiwa mbili, akauliza, "Sasa zangu zingine ziko wapi?"

Anayetaka kuanza huniuliza wapi atapoteza pesa kidogo. Ni swali la busara. Lakini karibu wote niliowaona wakiuacha mchezo huu waliondoka na kinyongo: mmoja alichekwa, mwingine alikaripiwa na mgawaji mbele ya wageni, mwingine anadai elfu tatu zake mpaka leo. Kila meza ina ukorofi wake, na utaukuta tu. Kwa hiyo ulinganisho wangu nimeupima kwa adabu: ni ukorofi upi unaoweza kukaa nao usiku mzima bila kulala na hasira?

Meza nilizokalia ni tatu. Ya sebuleni kwa rafiki, ya kasino hapa Nairobi, na hii ya mfukoni.

Sebuleni

Kwetu huwa watu saba, shilingi 500 kila mmoja, chai ya maziwa na mahamri. Karata anachanga aliye karibu nazo. Usiku mmoja nilihesabu migao kwa saa nikapata kumi na nne, maana katikati kuna mpira, kuna simu, kuna mtu anasimulia habari za mwenye nyumba wake. Ukitaka kucheza sana, hapa si mahali pako. Ukitaka kujifunza bila kuchomeka uso, hakuna pazuri zaidi, kwa sababu kosa halina adhabu. Ukiruka zamu utaambiwa "ngoja bwana", basi.

Ila ulegevu huohuo ndio ubaya wa sebuleni. Mtu anaweza kucheza mwaka mzima asijue kwa nini kuruka zamu ni kosa. Chukua mfano wa watu watatu waliobaki. Wa kwanza ana karata mbovu, anawaza kama aweke pesa nyingi awatishe wenzake. Wewe ni wa tatu na zako ni mbovu pia, kwa uvivu unazitupa mapema ukachukue andazi. Umeshamwambia wa kwanza kwamba amebaki na mtu mmoja tu wa kumtisha. Anaweka. Wa pili anakimbia na jozi yake nzuri. Hukumdhulumu kwa kusudi, lakini andazi lako limelipiwa na yeye.

Halafu kuna watazamaji. Sisi tuliokulia Mombasa tumelelewa na baraza, ambapo mtazamaji wa bao au dhumna ana haki ya kusema kuliko hata mchezaji. Atakuelekeza, atakusonya, na ukishindwa atakueleza ulipoharibu. Kwenye poka tabia hiyo ni sumu. Karata za mtu ni za mtu mmoja, na hata aliyekwisha kutupa zake hasemi alitupa nini mpaka mgao uishe. Siku moja shemeji, mke wa mwenyeji wetu, alikuwa akizunguka na chupa ya chai. Akafika nyuma ya mumewe, akachungulia, akasema kwa mshangao wa kweli, "Aa, Baba Salma, na hizo pia watupa?" Mumewe alikuwa bado hajatupa. Alikuwa ndiyo kwanza ameweka 300 za kututisha, na uso wake hadi sekunde ile ulikuwa wa jiwe. Meza nzima ikafuata dau lake kwa furaha.

Hayo yanachekesha. Madeni hayachekeshi. "Nitakutumia M-Pesa kesho" ndiyo sentensi iliyovunja meza nyingi za nyumbani kuliko wizi wowote wa karata. Dawa tuliyoipata ni kwamba pesa inamfikia mwenyeji kabla mtu hajavuta kiti, na zikiisha zimeisha. Huongezi kwa mdomo. Ukialikwa meza mpya, uliza hilo kwanza. Wakikwambia "sisi hapa ni familia, tutajuana", kunywa chai yao, sifia mahamri, kisha uage.

Na kuna lile kosa ambalo wachezaji wa kila nchi wanalichukia kuliko yote, kuchelewesha ushindi. Nilikuwa nimeweka zote, mwenzangu akafuata, hakuna tena cha kuamua. Nikafunua ree mbili. Akashusha pumzi, akatikisa kichwa, akasema, "Umenimaliza, ndugu yangu." Nikanyoosha mikono kukusanya. Akafunua karata moja, saba ya kopa. Akanywa chai. Akakiweka kikombe taratibu. Akafunua ya pili, saba ya shupaza. Mezani palikuwa pameshalala saba nyingine mbili tangu mwanzo, jumla saba nne, nazo zinazipiga ree zangu. Watu walicheka hadi jirani akagonga ukuta. Hakuvunja kanuni yoyote, pesa zilikuwa zake halali, na angefanya hivyo kwa watu asiowajua angetafuta ugomvi. Adabu ni kwamba ukijua umeshinda, unafunua papo hapo. Mimi bado namdai kikombe kile cha chai.

Kasino

Mlangoni wanataka kitambulisho, maana chini ya miaka 18 huingii. Ndani kuna mgawaji aliyefunzwa kazi, migao inakwenda ishirini na tano hivi au thelathini kwa saa, na nyumba inakata fungu lake katika kila chungu (pesa zote zilizowekwa katikati) cha maana kinachochezwa. Hiyo ndiyo gharama ambayo sebuleni haipo, na ndiyo inayofanya wachezaji wazuri kidogo tu waishie kupoteza pale.

Kinachokushtua usiku wa kwanza ni kwamba hakuna anayekuonea huruma. Mtu mbele yangu alikuwa ameweka 200. Nilitaka kupandisha, nikachukua chipu moja ya 1,000 (za plastiki, si za viazi) nikaitupa mezani kimya kama nilivyoona kwenye sinema. Mgawaji akasema, "Amefuata." Nikamwambia la, napandisha. "Kaka, chipu moja kubwa bila kutamka ni kufuata," akajibu, na mikono yake ilikuwa tayari inanirudishia 800. Nilihisi masikio yakichemka. Lakini kanuni hiyo ni ya karibu kasino zote duniani, na ina mantiki: mezani huhukumiwi kwa kilichokuwa moyoni. Tamka kwanza, kisha weka.

Sinema zimetuharibu kwa njia nyingine pia. Lile la "nafuata mia mbili zako... na naongeza elfu" haliruhusiwi. Ukishasema unafuata, umefuata. Ukiweka chipu kwa mafungu mawili, fungu la pili linarudishwa, kwa sababu katikati ya mafungu ungeweza kuutazama uso wa mwenzako ukabadili nia. Na usizirushe katikati zikachanganyikana na nyingine; zipange mbele yako ili mgawaji azihesabu.

Kuna kanuni moja ambayo sisi Waswahili tunaigonga bila kujua. Nilikuwa meza moja na jamaa wa Likoni, wengine watano ni wageni. Katikati ya mgao akanitania kwa Kiswahili kuhusu mwendo wa mtu mmoja pale. Mgawaji akasimamisha mchezo, akatuomba tusubiri mgao uishe. Nilikasirika, nchi yetu, lugha yetu. Baadaye nikafikiria wale watano waliona nini: watu wawili wenye karata mkononi wanasemezana jambo wasilolielewa, kisha mmoja anatupa zake. Ningekuwa mimi Macau, mji wa kasino kule China, ningeshuku vilevile. Kanuni za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano kilichoanzishwa Marekani mwaka 2001, zamani ziliubana mchezo kwa Kiingereza huko kwao wakati karata ziko mkononi, na kwingineko zikaipa nafasi lugha ya mahali; za karibuni zinaiachia nyumba itangaze wazi lugha inazokubali. Kwa hiyo si Kiswahili kinachokatazwa. Shida ni lugha isiyofika kwa kila aliye mezani wakati pesa ziko katikati.

Kufikiri nako kuna mpaka. Ukikawia, mchezaji anaweza kuomba upimwe muda. Kwa kanuni za TDA unapata sekunde 30, zikiisha na kuna dau mbele yako, karata zako zimekufa. Mwaka 2016, katika shindano kuu la WSOP (World Series of Poker) huko Las Vegas, Mwingereza William Kassouf alijulikana dunia nzima kwa kukaa juu ya maamuzi akimsemesha mpinzani bila kupumua. Alionywa, akaadhibiwa, wenzake wakawa wanamwombea saa kila mara, na alitoka akiwa wa 17. Watu wengine wanampenda. Mimi nilitazama nusu saa nikachoka, na sikuwa hata na pesa pale.

Sasa, ukorofi wa kasino unaonikera zaidi ni wa kumgeukia mgawaji. Nimeona mtu mzima, suti nzuri, akipoteza kwa karata ya mwisho akazirusha zake kifuani kwa dada aliyekuwa akigawa, kama kwamba yeye ndiye aliyezichagua. Msimamizi akaja, akamnong'oneza, akamwagizia maji. Basi. Kijana mmoja wiki ileile alitolewa nje kwa tusi dogo zaidi. Yeye alikuwa amekaa na chipu chache. Kanuni ziko wazi kwamba matusi yanaanzia onyo, yanapita kwenye kukalishwa nje mzunguko mmoja au zaidi, yanaishia kufukuzwa. Lakini mwenye pesa hupimwa kwa pishi yake.

Na si huku tu. Phil Hellmuth alishinda shindano kuu la WSOP mwaka 1989 akiwa na miaka 24, akimpiga Johnny Chan aliyelishinda miaka miwili mfululizo. Jina lake la utani ni "Poker Brat", kwa hasira zake za mtoto aliyedekezwa: akishindwa anasimama, anazunguka, anaueleza umma ujinga wa aliyemshinda. Mwaka 2008 alipewa adhabu ya kukaa nje mzunguko mmoja kwa kumtukana mpinzani, na adhabu ikafutwa kabla hajaitumikia. Televisheni inampenda. Tatizo ni kwamba kijana anayejifunza kupitia video zake anadhani ile ndiyo poka, anakuja mezani na hasira za Hellmuth bila karata za Hellmuth.

Kitu kimoja kizuri cha kasino nisikisahau: hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Sebuleni ukishinda elfu tatu saa tatu usiku ukasema "jamani mimi nalala", utasemwa mpaka Krismasi. Kasino unasimama, unamwachia mgawaji bakshishi, unabadilisha chipu zako, unaondoka. Usichoruhusiwa ni kuzipunguza mezani ukiendelea kucheza. Ulizoshinda zibaki mbele yako, na zile kubwa zionekane, zisijifiche nyuma ya vijidogo.

Kama wahofia mfuko, ingia mashindano badala ya meza ya pesa taslimu. Unalipa kiingilio, hasara yako inaishia hapo. Ila jiandae na watu wanaovuta muda wakikaribia nafasi za kulipwa, kila mmoja akiomba mwingine atoke kwanza.

Kwenye simu

Makosa nusu niliyoyataja hapa hayawezekani. Programu haikuruhusu kuruka zamu, haipokei chipu kwa mafungu mawili, na hakuna mgawaji wa kurushiwa karata. Dau laweza kuwa la senti. Ndiyo meza iliyoufungua mchezo kwa watu wa kawaida: mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alifuzu kwa mashindano ya intaneti ya dola 86, akaingia shindano kuu ambalo kiingilio chake ni dola 10,000, akaondoka na dola milioni 2.5. Jina hilo ni lake la kweli. Hadithi hiyo imewaleta watu wengi mezani, na wengi wao bado wanaisubiri yao.

Kwa mtu mwenye haya, simu inavutia: hakuna anayeona mikono ikitetemeka. Lakini haya hiyohiyo ndiyo inayowazuia watu kutukanana ana kwa ana, na simu imeiondoa. Matusi ya kwenye kisanduku cha maandishi ni ya kiwango ambacho sebuleni yangekuletea kofi. Zima maandishi hayo kabla hujacheza mgao wa kwanza, hutakosa lolote. Usichoweza kuzima ni mtu anayetumia sekunde zake zote kila zamu ili akukere tu, na usichoweza kuona kabisa ni marafiki wawili waliokaa meza moja wakiambiana karata zao kwa WhatsApp. Hapo unategemea uangalizi wa kampuni, kwa hiyo kama haina leseni inayojulikana, usiweke hata shilingi.

Kasi nayo ni jambo. Meza moja ya simu huenda mara mbili au zaidi ya kasino, na watu hufungua meza nne kwa pamoja. Kiasi ambacho sebuleni kingekutosha mwezi chaweza kwisha ukiwa kwenye foleni ya matatu.

Na kuna ukorofi wa poka ya simu ambao haufanyiki kwenye poka hata kidogo. Ulinikuta kwa shangazi, Jumapili, sinia la pilau katikati, mimi na simu chini ya meza nikiwa na jozi ya wafalme. Shangazi alikuwa akieleza habari za hospitali. Akanyamaza. Nilipoinua kichwa watu wote walikuwa wananitazama, na sikujua nimeulizwa nini. "Endelea baba," akasema, "maliza shughuli zako." Sijawahi kukaripiwa kasino namna hiyo. Wafalme wenyewe walipigwa.

Basi uchague ipi?

Mwenye haya aanze sebuleni. Mwenye haraka ya kujua kanuni sawasawa aende kasino usiku mmoja na pesa aliyokwisha kuiaga, akae nyuma kidogo ya shughuli na amwambie mgawaji tangu mwanzo, "Dada, mimi mgeni hapa." Mimi niliona aibu kulisema, nikalipa, wagawaji wengi hulainika ukilisema. Simu naiweka mwisho, hata kama ndiyo rahisi kuipata. Waliofundwa na simu nawatambua wakifika mezani: hawajui zamu ni ya nani kwa sababu hakuna taa ya kuwamulikia, wanaacha karata wazi jirani azione, wanakasirika mgawaji akihesabu polepole. Aliyetoka sebuleni hujua kumsubiri mtu.

Na kama pesa hutaki kabisa, usidhani umekosa mlango. Kwetu Pwani wengi hawaweki dau, kamari ni haramu na aya ya 90 ya Surat Al-Maida haina mafumbo. Ami yangu hucheza karata za wahedi wa sitini kila jioni, na hajawahi kutoa wala kupokea senti. Poka inachezeka kwa maharagwe. Utajifunza zamu, kutamka dau, kunyamaza, kufunua mara moja. Hutajifunza kutisha, kwa sababu harage halimtishi mtu. Kila mmoja anafuata kila dau ili tu aone, na karata mbovu kuliko zote zinashinda chungu cha maharagwe mia. Tulijaribu hivyo mfungo uliopita tukachoka siku ya pili, mpaka shemeji alipotoa shauri kwamba atakayeishiwa maharagwe wa kwanza ataosha vyombo vya daku. Usiku ule watu walianza kutupa karata. Baba Salma alifikiri dakika tatu nzima juu ya maharagwe ishirini, tukamwombea saa, akatupa, na nilipokusanya chungu nikamwonyesha nilichokuwa nacho: mbili na saba, rangi tofauti, karata mbovu kuliko zote za kuanzia. Masufuria aliyoosha yalikuwa matano.